Jinsi ya kulinganisha matetemeko ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika kwa wastani na grafu

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, alasiri, vikombe vililia kabatini nyumbani kwangu Igoma, hapa Mwanza. Jirani aliyekuwa akigeuza dagaa juani alidhani ni lori limepita, akainua kichwa kutazama barabarani. Hakukuwa na lori. Jioni habari zikaingia kutoka Kagera: tetemeko la ukubwa wa 5.9, nyumba zimeanguka Bukoba, na watu wamepoteza maisha. Tuliporudi darasani swali lilitoka kila dawati: "Mwalimu, kwani na huku kwetu kuna matetemeko? Si wanasema yako Tanganyika?"

Swali lile lina jibu, na jibu lake mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kulitafuta mwenyewe. Data zipo bure mtandaoni. Unahitaji simu janja au kompyuta, bando dogo, na programu yoyote ya lahajedwali: Excel, LibreOffice Calc au Google Sheets. Asiye na kompyuta atumie kalkuleta na karatasi ya grafu. Hesabu ni zilezile.

Hatua ya kwanza: chora visanduku viwili

Usianze kwa kupakua data. Anza na ramani. Usemapo "eneo la Ziwa Victoria" lazima useme linaanzia wapi na linaishia wapi, la sivyo kila atakayerudia kazi yako atapata jibu lake. Mimi natumia visanduku vya latitudo na longitudo.

Kisanduku cha Tanganyika: kaskazini -3, kusini -9, magharibi 29, mashariki 31.5. Ziwa lote linaingia humo, kuanzia Bujumbura hadi ncha ya Zambia.

Kisanduku cha Victoria: kaskazini 1, kusini -3, magharibi 31, mashariki 35. Humo mna Mwanza, Ukerewe, Musoma, Bukoba, Entebbe na Kisumu.

Alama ya kutoa ni muhimu kuliko inavyoonekana. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo zetu ni hasi. Kikundi kimoja cha wanafunzi wangu kilisahau alama hiyo kwenye kisanduku cha Tanganyika, na kwa kipindi kizima wakachambua matetemeko ya Sudan Kusini. Kabla ya kwenda mbele, fungua ramani uone nukta zako zimeangukia wapi.

Tafuta pia ukubwa wa kila kisanduku. Karibu na ikweta digrii moja ni takriban kilomita 111, iwe unakwenda kaskazini au mashariki. Tanganyika ni digrii 6 kwa 2.5, yaani kilomita 666 kwa 277.5, takriban kilomita za mraba 185,000. Victoria ni digrii 4 kwa 4, yaani kilomita 444 kwa 444, takriban kilomita za mraba 197,000. Nilivichagua kwa makusudi vikaribiane. Lakini ukija kulinganisha Tanganyika na Japani, kumbuka kwamba kadiri unavyokwenda mbali na ikweta digrii ya longitudo husinyaa: zidisha 111 kwa kosaini ya latitudo.

Hatua ya pili: pakua

Katalogi ninayotumia ni ya Taasisi ya Jiolojia ya Marekani, maarufu kama USGS. Ukurasa wa kutafutia ni earthquake.usgs.gov/earthquakes/search. Kwenye ukubwa, tarehe na eneo bofya chaguo la "Custom" ili uweke namba zako. Ukubwa wa chini weka 4.5. Tarehe weka 1 Januari 1990 hadi 31 Desemba 2024, ambayo ni miaka 35 kamili. Jaza pande nne za kisanduku, kisha chini, penye aina ya faili, chagua CSV. Fanya hivyo mara mbili, faili moja kwa kila kisanduku, uyape majina yanayoeleweka.

Ukifungua faili utakuta safu wima nyingi. Tano za mwanzo ndizo zetu: A ni muda, B latitudo, C longitudo, D kina kwa kilomita, E ukubwa. Safu ya F inaonyesha aina ya kipimo cha ukubwa, na tutairudia.

Muda umeandikwa kwa saa za dunia, si za Mwanza. Ongeza saa tatu. Tetemeko la Kagera liko saa 12:27 kwenye katalogi. Kwetu ilikuwa 15:27, yaani saa tisa na dakika 27 alasiri. Mwanafunzi asiyejua hili atasema katalogi imekosea, kwa sababu bibi yake alikuwa ameshamaliza kula mchana.

Hatua ya tatu: safisha kabla ya kuhesabu

Panga mistari kwa muda. Utaona mahali ambapo matetemeko yamerundikana siku moja au wiki moja, karibu kabisa na mengine. Hiyo ni mitetemo inayofuatia tetemeko kubwa, na mara nyingine mitetemo midogo iliyolitangulia. Ongeza safu mpya, andika "kuu" kwenye lile kubwa na "fuatizi" kwenye mengine. Usifute kitu. Utahesabu mara mbili, mara moja na yote na mara moja na makuu peke yake, kisha utaonyesha majibu yote mawili. Rundo moja la siku tatu linaweza kulifanya eneo tulivu lionekane lenye mitikisiko kila mwaka.

Tazama pia safu ya F. Utakuta vifupisho kama mb na mww. Ni njia mbalimbali za kupima ukubwa, na hazitoi namba sawasawa kwa tetemeko moja, hasa mb, ambayo huanza kupunja matetemeko yakifikia takriban 6. Kwa kazi ya shule zichanganye, ila sema umezichanganya.

Hatua ya nne: wastani, na hapa tukae

Kutafuta wastani ni mstari mmoja tu. Kama data zako zinaanzia mstari wa 2 hadi wa 71, andika =AVERAGE(E2:E71). Kwa kalkuleta, jumlisha ukubwa wote ugawe kwa idadi. Halafu tafuta namba ya katikati, ile inayosimama katikati ukizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, kwa =MEDIAN(E2:E71).

Fanya hivyo kwa visanduku vyote viwili. Karibu kila darasa, hapa ndipo mtu huandika hitimisho lake: wastani wa huku ni huu, wa kule ni ule, tofauti ni ndogo, basi maeneo haya mawili yanafanana. Hitimisho hilo ni baya kabisa, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu.

Njoo nami mwalo wa Kirumba asubuhi. Mitumbwi miwili imeingia, na yote imevua kwa nyavu za macho ya inchi 6. Wa kwanza umeleta sangara 70, wa pili sangara 4. Pima wastani wa urefu wa samaki wa kila mtumbwi. Utapata namba zinazokaribiana, kwa sababu macho ya nyavu ni yaleyale: wadogo wamepita kwenye matundu yote mawili, na waliobaki wanaanzia urefu uleule. Je, utamwambia mvuvi aliyeleta wanne kwamba siku yake imekuwa sawa na ya mwenzake?

Ile 4.5 tuliyoweka wakati wa kupakua ndiyo macho ya nyavu. Matetemeko madogo ni mengi siku zote, makubwa ni machache, na uwiano wake unashangaza kwa jinsi unavyofanana duniani: ukishuka ukubwa kwa 1, idadi huongezeka karibu mara kumi. Kanuni hii inaitwa ya Gutenberg na Richter. Kwa kuwa uwiano ni ule, ukikata data zako kwenye 4.5 wastani utaangukia karibu na 4.9, uwe Kigoma au Tokyo, mradi matetemeko ni mengi ya kutosha. Ukikata kwenye 5.0, wastani utapanda karibu na 5.4 kila mahali. Kwa sehemu kubwa wastani wa ukubwa unakwambia umetumia nyavu gani.

Kwa hiyo kamwe usilinganishe wastani wa kisanduku kilichokatwa kwenye 4.5 na kingine kilichokatwa kwenye 3.0. Makosa haya hujificha, maana nchi zenye vituo vingi vya kupimia hunasa vitetemeko vidogo, na wastani wao hushuka. Mtu asiyejua atasema nchi hizo zina matetemeko dhaifu, kumbe zina masikio mengi tu. Kujua kama nyavu yako ni nzima, hesabu matetemeko kwa kila kipande cha 0.1 kuanzia ukubwa wa chini kabisa uliopo kwenye katalogi. Idadi itapanda unapoelekea kwenye madogo, kisha ghafla itaanza kushuka. Pale inapoanza kushuka ndipo katalogi inapoanza kupoteza samaki. Kata juu ya hapo, kwa visanduku vyote viwili.

Kuna tatizo la pili ndani ya wastani huu. Ukubwa wa tetemeko haupandi kama rula. Kutoka 5 kwenda 6, mtikiso unaoandikwa na mashine huongezeka mara 10, na nishati takriban mara 32. Chukua namba hizi tano, nilizozitunga kwa ajili ya mazoezi: 4.5, 4.6, 4.7, 4.9 na 6.8. Jumla yake ni 25.5, wastani 5.1, namba ya katikati 4.7. Namba nne kati ya hizo tano ziko chini ya 5.1. Sasa geuza kila ukubwa kuwa nishati kwa jouli ukitumia =10^(1.5*E2+4.8). Lile la 6.8 linatoa jouli trilioni 1,000. Mengine manne yakijumlishwa pamoja hayafiki trilioni 3. Tetemeko moja limebeba zaidi ya asilimia 99 ya nishati yote ya orodha, na kama ungeweka matano ya 5.1 badala yake, ungepata nishati pungufu kwa mara 70 hivi.

Ile 6.8 sikuiokota hewani. Ndiyo ukubwa wa tetemeko la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005, lililotikisa Afrika Mashariki na Kati. Ukilinganisha kwa nishati na lile la Kagera la 5.9, tofauti ya 0.9 inakuwa takriban mara 22. Nishati si madhara, lakini. Nyumba za Bukoba hazikuuliza jouli ni ngapi. Udongo, matofali na umbali kutoka kwenye kitovu viliamua mengi.

Kwa hiyo ukitaka kutoa wastani wa nguvu, jumlisha nishati kwanza, ugawe kwa miaka 35, upate jouli kwa mwaka. Jibu litatawaliwa na tetemeko moja au mawili, na ni sharti uyataje kwa tarehe.

Hatua ya tano: idadi kwa mwaka kwa eneo

Hiki ndicho kipimo kinachojibu swali la wanafunzi wangu. Gawa idadi kwa miaka, kisha gawa kwa eneo.

Nitatumia tena namba za mazoezi. Zako zitatoka kwenye faili. Tuseme Tanganyika imetoa 70 na Victoria 4. Tanganyika: 70 kwa miaka 35 ni 2 kwa mwaka. Eneo ni 185,000, yaani vipande 1.85 vya kilomita za mraba 100,000. 2 kugawa kwa 1.85 ni 1.08. Victoria: 4 kwa miaka 35 ni 0.114, ukigawa kwa 1.97 unapata 0.058. Upande mmoja una mara 18 au 19 ya upande wa pili, ilhali wastani wa ukubwa ulisema wanalingana.

Usiishie hapo. Idadi ndogo hubebwa na bahati. Kisio rahisi cha shaka ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe: 70 ina shaka ya takriban 8, na 4 ina shaka ya 2. Tanganyika ni kati ya 62 na 78, Victoria ni kati ya 2 na 6. Visanduku bado viko mbali sana, kwa hiyo tofauti ni ya kweli. Lakini wastani wa ukubwa uliopigwa kwenye matetemeko manne usiuandike kabisa. Orodhesha manne yenyewe kwa tarehe na ukubwa. Msomaji atafaidika zaidi.

Hatua ya sita: grafu

Grafu ya kwanza ni ya nguzo, idadi kwa kila mwaka. Mhimili wa chini ni miaka, wa wima ni idadi. Chora grafu mbili, moja juu ya nyingine, na mihimili ya wima iwe na kipimo kilekile. Programu za lahajedwali hukuza kila grafu ijaze nafasi yake, hivyo nguzo ya tetemeko moja la Victoria itasimama ndefu kama nguzo ya matetemeko sita ya Tanganyika, na jicho litadanganywa ingawa kila namba ni sahihi. Bofya mhimili uweke mwisho wake kwa mkono. Miaka isiyo na tetemeko iachwe ionekane tupu, usiiruke.

Grafu ya pili ndiyo ninayoipenda, na kwenye karatasi inavutia kuliko kwenye skrini. Hesabu ni mangapi yana ukubwa wa 4.5 na zaidi, 5.0 na zaidi, 5.5 na zaidi, 6.0 na zaidi. Kwenye lahajedwali andika =COUNTIF(E2:E71,">=5") ukibadilisha namba ya mwisho. Tuseme umepata 70, 22, 7 na 2. Tafuta logi ya kila moja kwa kalkuleta: 1.85, 1.34, 0.85 na 0.30. Kwenye karatasi ya grafu weka ukubwa mhimili wa chini, sentimita 2 kwa kila 0.5, na logi mhimili wa wima, sentimita 4 kwa kila 0.5. Weka nukta, kisha pitisha rula.

Nukta zitajipanga karibu na mstari ulionyooka unaoshuka. Nimeona darasa zima likinyamaza kwa hilo. Dunia inapasuka huko chini kwa namna ambayo hakuna anayeiona, halafu nukta nne za penseli zinakaa kwenye rula. Mteremko wa mstari huu, 1.85 toa 0.30 gawa kwa 1.5, ni takriban 1.03. Nukta za juu kabisa zikiyumba usijali sana, kwa kuwa zimebeba tetemeko moja au mawili tu.

Na ule wastani wetu sasa unapata kazi yake halali. Chukua 0.4343, ugawe kwa wastani uliotoa 4.45 (ni 4.5 toa 0.05, kwa sababu ukubwa umekadiriwa kwa desimali moja). Wastani ukiwa 4.88, unapata 0.4343 gawa kwa 0.43, yaani 1.01. Umefika karibu na mteremko uleule bila rula.

Kisanduku cha Victoria kikiwa na nukta mbili tatu, usilazimishe mstari. Weka nukta zake kwenye karatasi ileile kwa rangi nyingine. Zitakaa chini sana ya zile za Tanganyika, na umbali huo ndio ulinganisho wenyewe.

Kina kwa kifupi

Watu hupenda kutoa wastani wa kina. Kabla ya hapo, tazama safu ya D uhesabu ni mara ngapi imeandikwa 10 kamili. Mara nyingi hiyo si kina kilichopimwa. Ni namba inayowekwa pale vituo vilipokuwa vichache au mbali mno kuweza kukipata, na kwenye data za zamani utakuta 33 ikifanya kazi hiyo. Chora grafu ya nguzo ya kina na utaona nguzo moja ya ajabu kwenye 10. Tenga mistari hiyo, toa namba ya katikati ya iliyobaki, sema imebaki mingapi.

Kuandika jibu

Rudi kwenye swali la darasani. Mwambie msomaji visanduku vyako, miaka, ukubwa wa chini, idadi ya kila upande pamoja na shaka yake, matetemeko makubwa kwa tarehe. Kisha sababu. Tanganyika limelala ndani ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ambako ardhi inatanuka na kupasuka. Ndiyo maana kina cha maji yake kinafika takriban mita 1,470. Ziwa Victoria liko katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, juu ya mwamba mkongwe na mgumu, na maji yake hayapiti sana mita 80. Mawe yanayosimama kila mahali hapa Mwanza, pamoja na lile la Bismarck pale ziwani, ni ya mwamba huo wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Unatikisika mara chache. Lakini kitovu cha 2016 kilikuwa ndani ya kisanduku chetu, karibu na ukingo wake wa magharibi, na wanafunzi wa Mwanza waliusikia mtikiso wake. Sentensi ninayowakubalia wanafunzi ni hii: matetemeko ya 4.5 na zaidi hutokea mara chache zaidi upande wa Victoria, na yanapotokea hayalazimiki kuwa madogo.

Mwisho, hifadhi faili ghafi bila kuligusa, ufanyie kazi kwenye nakala, na juu ya jedwali andika tarehe uliyopakua. USGS hurekebisha ukubwa na kina baada ya miezi au miaka, na mwanafunzi wa mwakani akipata 71 badala ya 70, tarehe hiyo ndiyo itakayowapatanisha.